Komite ya Kompyuta Moja

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Solwezi hadi Lubumbashi, nikalala Kasumbalesa katika chumba chenye kunguni, ili nikaone mzee akivishwa kitambaa cha rangi za bendera. Sisi tuliosoma shule moja Kamina, kisha tukatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, tulikuwa tumeitana katika ukumbi wa hoteli. Katikati ya meza ya mbele alikaa Prefe Kalenga, mkuu wa shule yetu wakati wa vita, akipewa heshima ya "baba wa informatiki wa Haut-Lomami." Nilikula. Kulikuwa na samaki wa kukaanga waliopoa, sombe yenye mafuta mengi kuliko majani, bukari, ugali wetu, iliyokatwa vipande kama sabuni, na hotuba. Kulikuwa na neno la kufungua, neno la familia, neno la wanafunzi wa zamani, na neno la wale ambao hawakuweza kufika, lililosomwa na mtu aliyefika. Prefe mwenyewe alisimama, akasema kwamba wakati wengine walikuwa wanakimbia mizinga, yeye alikuwa anaandika programu. Watu wakapiga makofi. Nimeishi miji mingi, nimetengeneza simu na kompyuta za watu kutoka Kolwezi hadi Mbeya, na uongo wa kila aina nimeusikia. Lakini uongo wa mtu anayejiamini una harufu yake, kama nyama iliyooza ikatiwa pilipili.

Kando yangu alikaa Nday, ambaye wakati ule alikuwa karani wa shule na sekretere wa kila kitu kilichohitaji sekretere. Sasa ana tumbo na miwani miwili, mmoja machoni na mmoja mfukoni. Nikamwuliza kwa nini Kaumba hakualikwa. "Kaumba?" akasema, mfupa wa samaki mdomoni. "Njo nani ule?" Nikamwambia: Kaumba wa kompyuta. Akafikiri, akacheka. "Aaa! Ule mutoto mwanamuke wa kinywa mubaya! Eh, Banza, weye unakumbuka bantu bote. Kula, ndugu yangu, chakula inapola." Nikala. Lakini kuanzia pale sikusikia tena hotuba yoyote, na usiku ule katika basi la kurudi niliamua kuandika habari za mwaka ule mmoja, kwa sababu ni dhahiri kwamba wenye kumbukumbu rasmi wameshaanza kazi yao.

Wazazi wangu nitawaacha wapumzike. Walikuwa watu wa reli, inatosha. Nitaanza na chumba. Kilikuwa ofisi ya mmisionari mmoja, mzungu mrefu aliyependa mashine. Vita vya pili vya nchi yetu vilipoanza, mwaka wa tisini na nane, ndege ndogo ya misheni ilikuja kumchukua. Alipakia mke wake, mbwa wake wawili, na sanduku la vitabu, akaacha kompyuta kwa sababu mbwa walikuwa wazito. Tulisimama kando ya uwanja tukipunga mikono. Kompyuta ilibaki mezani, na siku chache baadaye ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama mkate wa meza ya Bwana. Kabla mtu yeyote hajaiwasha, ilikuwa na komite. Hiyo ndiyo Kamina ninayoijua: watu wawili wakikuta kitu kimoja njiani, kitu hicho kinapata rais, makamu wa rais, sekretere, mweka hazina hata kama hakuna hazina, mshauri wa kiroho, na mtu wa itifaki wa kuwapanga wote hao kwenye viti. Rais alikuwa Prefe Kalenga. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nilipewa cheo cha msimamizi wa vumbi, kwa sababu watu wa reli tunadhaniwa kujua kila kitu chenye waya. Kila asubuhi nilifunua kitambaa, nikafuta, nikafunika. Komite ilikutana kila juma kandokando ya kompyuta iliyozimwa, ikafungua kwa sala, ikasoma maamuzi ya mkutano uliopita, ikafunga kwa sala. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na tayari nilikuwa nimechoka kama mstaafu.

Mtu mmoja tu Kamina nzima alijua kuitumia, nao walijua hivyo, na wakafanya kama hawajui. Kaumba alikuwa wa darasa langu, binti wa mwalimu, mwenye mwanya kati ya meno na sauti iliyovuka uwanja wa mpira. Alikuwa amemfundisha mke wa mmisionari Kiluba kwa muda mrefu, na badala ya kulipwa nguo kuukuu kama wengine, alidai alipwe saa za kukaa kwenye kompyuta. Alijifunza kuandika programu kwa lugha ya Pascal, kutoka kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Aliwasahihisha walimu mbele ya darasa, akamwambia mchungaji kwamba mahubiri yake yana kichwa na mkia lakini hayana tumbo. Wanawake wa mtaa walisema hataolewa. Alijibu kwamba ameona walioolewa.

Mji ulikuwa umejaa. Treni zilipofika kutoka kaskazini zilileta majeruhi na watu waliokimbia waasi, wakalala kituoni kati ya reli zisizotumika, wakapika juu ya mbabula, majiko ya makaa walizozibeba vichwani kutoka mbali. Ndege za kijeshi zilipotua Base, kambi ya jeshi, vioo vya shule vililia. Unga ulipanda bei kila soko. Katika hali hiyo daktari wa hospitali ya misheni, mtu mkavu asiyependa mikutano, alikuja mbele ya komite akauliza swali moja: je, kompyuta hii inaweza kumwambia dawa gani zimebaki na zipi zinaisha, kwa sababu wauguzi wake wamezidiwa na dawa zinatoroka? Prefe akasimama, ingawa hakuna aliyemwomba asimame. "Daktari," akasema, "komite iko tayari." Daktari alipotoka, wakatazamana. Kisha wote wakanitazama mimi, msimamizi wa vumbi. Nami nikasema jina ambalo walikuwa wanangoja mtu mwingine alitamke, ili lisiwe limetoka kwao.

Kaumba alikuja na masharti: mlango ufungwe, sala ziwe fupi, na mtu asisimame nyuma yake akipumua. Mmisionari alikuwa ameacha kasha la disketi lililoandikwa kwa mkono "Trousse." Hiyo Trousse ilikuwa mkoba wa vipande vya programu vilivyoandikwa tayari: kipande cha kuchora fremu kwenye skrini, kipande cha kupanga majina, kipande cha kuhifadhi kazi kwenye diski. Mwandishi wa programu alivichukua, akavishona kwenye kazi yake, asilazimike kufua kila msumari mwenyewe. Ilitungwa na profesa mstaafu wa huko Kanada, na ilikuwa bure. Si bure tu. Ilikuja na maandishi yake ya ndani, yote wazi, pamoja na karatasi iliyosema kwamba yeyote aweza kuisoma, kuigawa, kuibadilisha, na akiona kosa alirekebishe na kumrudishia mwenyewe, ili wengine wote wafaidike. Kaumba alisoma karatasi ile kwa sauti mbele ya komite.

"Kitu ya bure," Prefe akasema, "iko na mwenyewe nyuma. Kesho ataomba nini, ule muzungu?"

"Haombi kitu, Prefe. Anasema tusome, tutengeneze, tumurudishie."

"Tumurudishie juu ya nini? Yeye profesa, atengenezewe na bantu ba Kamina?" Nday akacheka mpaka akakohoa. Mshauri wa kiroho akauliza kama katika mkoba ule kuna kitu cha Freemason. Mkutano ukaahirishwa ili suala likaombewe. Namkumbuka Kaumba akikunja ile karatasi taratibu, akinitazama, na kwa Kiluba akasema neno ambalo sitaliandika.

Walipokubali, disketi zilikataa. Mvua za Kamina zilikuwa zimeingia ndani ya kasha, na disketi ya nne ilikuwa na ukungu mweupe kama wa mkate. Kaumba akaifungua ganda kwa kisu, akautoa ule utando mweusi wa ndani, akasema inahitajika pombe kali ya kuupangusa. Hospitali haikuwa na spiriti hata ya majeruhi. Lakini kule mtaa wa reli kulikuwa na Mama Ngoie, mpika lutuku, pombe kali ya kienyeji, mwanamke mnene aliyevuta tumbaku upande wa moto ndani ya kinywa. Nilimweleza. Alinisikiliza huku mtungi ukidondoka matone. "Alors bana Metodiste banakunywa kwa mashini sasa?" akasema. "Yee mama! Mashini itaimba." Wenzake kwenye benchi wakaangua kicheko. Kisha akawa makini, kwa sababu alijua kazi yake. "Usibebe ile ya kunywa, iko na mayi mingi. Beba hii ya kwanza-kwanza. Hii hata shetani anaachia." Akanijazia chupa ndogo ya matone ya mwanzo, yale makali ambayo mnywaji wa kawaida hapewi. Hakutaka malipo, alitaka tu nimweleze baadaye kama ilipona.

Sikuvuka hata nusu ya ua wa misheni. Mtu wa itifaki alininusa. Msomaji ambaye hakulelewa na Wamethodisti wa kwetu hawezi kujua maana ya chupa ya lutuku ndani ya ua ule. Mtu aliweza kuiba saruji ya kanisa akasamehewa kabla ya Pasaka, lakini lutuku iliondoa watu kwenye kwaya maisha yao yote. Komite ikaitishwa kwa dharura. Nilisimama, chupa juu ya meza kando ya kompyuta iliyofunikwa, wakaijadili kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuvijadili vita. Ndipo Kaumba akaingia bila kubisha, akaifungua chupa mbele yao, akalowesha pamba, akapangusa utando wa disketi upande huu na upande huu, akaupepea, akaurudisha ndani ya ganda jipya alilolichuna kutoka disketi nyingine. "Sasa mashini njo yenye zambi," akasema. "Muifukuze kwenye kwaya." Akaingiza disketi. Ikasoma. Ikaguguna na kukoroma, lakini ikasoma. Mpaka leo, nikiona vijana wakisakinisha mkoba wa programu kama ule kwa mstari mmoja wa amri, huku wanakula mandazi, nawaonea huruma kidogo. Hawajui kilivyo kitamu kitu kilichopatikana kwa fedheha.

Programu ya dawa ikaandikwa. Mimi nilisoma herufi kwa sauti, yeye akachapa. Wakati mwingine mimi nikachapa, yeye akala karanga na kunitukana. Chumba kile kilinuka karanga, lutuku na plastiki yenye joto, na sijawahi tena kuwa mahali ambapo nilijua hivyo kwamba kazi yangu ina maana. Wauguzi wakaanza kuja jioni, kabla giza halijaingia, na hesabu zao za siku, tukaziingiza. Ikaenda vizuri majuma kadhaa. Kisha jenereta ya misheni ikazimika katikati ya kuhifadhi, na tulipoiwasha tena, dawa zote za hospitali zilikuwa zimetoweka. Jalada la zamani halikuwepo, jipya lilikuwa tupu. Prefe alikuja akasimama mbele ya skrini kama mtu aliyefiwa. "Njo matokeo ya lutuku," akasema. Nday akaandika maneno hayo katika kumbukumbu za mkutano.

Kaumba alikaa siku tatu nzima akisoma maandishi ya ndani ya Trousse, ukurasa baada ya ukurasa kwenye skrini, midomo ikicheza kama anasali. Alipoipata, alipiga meza. Kipande cha kuhifadhi kilianza kwa kufuta kazi ya zamani, kisha kikaandika mpya. Umeme ukikatika kati ya hayo mawili, huna zamani, huna mpya. "Ona huyu muzee," akaniambia, kidole juu ya kioo. "Huyu umeme haiyamukatikiya hata siku moja. Anabomoa nyumba mbele ya kujenga ingine, ati mvua haiko." Dharau yake kwa profesa ilikuwa sawa na ile aliyokuwa nayo kwa Prefe, nami nilimpenda kwa hilo: hakuwa na dharau mbili, moja ya wazungu na moja ya kwetu. Akakiandika upya. Kazi mpya iliandikwa kando, chini ya jina la muda. Ilipokamilika yote na kuhakikiwa, ndipo ya zamani ilipoondolewa na mpya ikapewa jina lake. Programu ikiwashwa na kukuta vipande vya katikati, ilijua kilichotokea, ikaendelea na kile kilicho kizima.

Kujaribu kulikuwa na namna moja tu. Yeye alibonyeza kuhifadhi, mimi nikachomoa waya ukutani. Tukawasha, tukaangalia. Tena. Tena. Prefe alipita dirishani, akaniona na waya mkononi. "Munauwa mashini! Munauwa mashini ya Mungu!" Akaingia mbio akaikumbatia, kwa kweli aliikumbatia, shavu juu ya kioo. Kaumba akasema, "Prefe, toka, unafunika dawa." Alipotoka, zilikuwepo. Zote, hadi kidonge cha mwisho cha kwinini. Daktari alipoonyeshwa, aliuliza kama anaweza kuondoka sasa, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Basi, Kaumba alitaka kurudisha. Karatasi ilisema rekebisha na urudishe, naye alikuwa ameichukulia kama mtu anavyochukua ahadi. Sidhani alitegemea chochote kutoka Kanada, si viza, si fedha. Kamina ilimwita mutoto mwanamuke wa kinywa mubaya, na alitaka mtu mmoja, mahali fulani nje ya Kamina, asome mistari ile na kujua kwamba kuna Kaumba aliyeiandika. Akachapa jina lake chini ya kipande chake, herufi ndogo, kama fundi anavyotia alama chini ya kiti. Muda ulikuwa mfupi. Rubani wa ndege ndogo ya misheni alisema kwamba safari ya Alhamisi ile ingekuwa ya mwisho, kwani mapigano yalikuwa yanasogea na bima ilikuwa imekataa. Posta haikuwepo. Disketi ingeondoka na Alhamisi ile, au isingeondoka kabisa.

Lakini kwetu hakuna kitu kinachotoka ofisini bila kichwa cha barua na kashe, yaani muhuri. Barua ya kuomba chaki ina kichwa cha barua. Jeneza la mfanyakazi wa serikali lina hati yenye muhuri. Komite ikatambua kwamba kitu kinakwenda Kanada, na kwa mara ya kwanza kila mwanakomite alifika, hata makamu wa rais, ambaye tulidhani amekimbilia Kabongo. Wakaamua kwamba kazi iwe na ukurasa wa mbele. Nday akakaa kwenye kompyuta, vidole viwili, akachapa mwanzoni kabisa mwa maandishi ya Kaumba: jina la jamhuri, jina la mkoa, jina la komite, kaulimbiu ya komite, kisha wanakomite wote kwa mpangilio wa itifaki, rais kwanza na shahada zake, hadi mimi, msimamizi wa vumbi, wa mwisho. Kwa kuwa muhuri haukuweza kugongwa kwenye skrini, akachapa maneno yaliyomo ndani ya muhuri, akayazungushia nyota.

"Na Kaumba?" nikauliza.

"Yeye hana fasi mu komite," Prefe akasema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Yeye alitusaidia. Tutamushukuru kwa mudomo." Kisha akamwelekeza Nday ateremke chini, alifute lile jina dogo, kwa kuwa hati haiwezi kuwa na saini mbili.

Kaumba alikuwa mlangoni. Alisema mambo mengi. Nakumbuka aliwauliza ni nani kati yao anaweza kuizima kompyuta bila kuchomoa waya. Mshauri wa kiroho akamwambia atubu. Wakamtoa nje. Kisha, kwa fahari, Prefe akaniambia nibonyeze kitufe cha kuijaribu kazi, wote waone. Nikabonyeza. Juu ya skrini ukatokea mstari mwekundu: kosa, mstari wa kwanza. Kompyuta ilikuwa imekutana na neno Jamhuri, na haikujua ifanye nini nalo. Nday akarekebisha herufi kubwa. Kosa, mstari wa kwanza. Wakaijaribu bila kaulimbiu. Kosa, mstari wa kwanza. "Aliroga," mtu wa itifaki akasema. "Mashini inakuwa na jeuri sawa yeye." Wakaweka mikono juu yake wakaiombea, macho yamefungwa, nami nikiwa nimefungua yangu. Ilikuwa Jumatano.

Nilimkuta Kaumba kwa Mama Ngoie, jikoni, anakula bukari na bitoyo, samaki wa chumvi, kwa hasira, akivunja vichwa vya samaki kwa meno. Mama Ngoie alikuwa amemwekea chakula bila kuuliza neno. Nikamweleza habari za mstari mwekundu. Alicheka kwanza, kicheko kizuri. Kisha akaacha kula.

"Minyi najua kwenye inauma," akasema. "Kidole kimoja tu. Lakini nikitengeneza, kazi inaenda na majina yabo. Nikiacha, inafika kule sawa takataka. Muzee wa Kanada atafungua, itakataa, atatupa. Na bo batatupwa nayo."

"Basi acha," Mama Ngoie akasema kutoka motoni. "Bafwe nayo."

"Weye unasema nini, Banza?" Kaumba akaniuliza. "Monsieur Vumbi? Jina yako iko ndani."

Nikasema ningependa waaibike. Nilikuwa nasema kweli. Niliitaka aibu yao kama mtu anavyotaka maji. Kaumba akafuta mikono kwenye kitenge.

"Batu bangapi bako na hii Trousse?" akauliza, lakini si mimi aliyekuwa anamwuliza. "Luena, Kolwezi, hata kule inje. Kila siku umeme inakatika ku bamoja. Kuko muntu fasi fulani, leo hii, anapoteza kazi yake yote. Yeye hajue komite. Yeye alikosa nini?" Akasimama. "Twende mbio. Mbele nibadilishe mawazo."

Wanakomite walikuwa bado pale, wamechoka, Biblia wazi. Prefe alimwona, akafikiri amekuja kutubu, akampisha kiti. Kaumba akakaa. Alipeleka kishale juu kabisa, kabla ya neno Jamhuri, akachapa alama moja iliyopinda kama upinde ulio wazi. Akateremka, polepole, akapita rais na shahada zake, akapita makamu, mweka hazina asiye na hazina, mshauri wa kiroho, muhuri wa nyota, akanipita mimi. Pale chini akachapa upinde wa pili, uliotazama wa kwanza. Katika lugha ile, kila kilichomo kati ya mabano yale mawili ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Kompyuta huyapita yote kama hayapo. Akabonyeza. Hakuna mstari mwekundu. Kazi ikapita, safi.

Ilifika. Miaka mingi baadaye, Ndola, katika duka la mtandao lenye feni mbovu, nilisakinisha toleo jipya la Trousse kwa ajili ya mteja mmoja, nikafungua kipande cha kuhifadhi. Kilikuwa chake, mstari kwa mstari, namna yake ile ile ya kuacha nafasi. Profesa wa watu alikuwa na adabu. Hakuondoa jina lolote. Komite nzima ilikuwepo kwa mpangilio wa itifaki, kwenye kompyuta ambazo Prefe hawezi hata kuziota, na kila moja ikiwapita wote kwa haraka ile ile. Nilimpigia Kaumba, siku hizi ana malori ya saruji, na sauti ile ile. Aliniambia yuko na mteja.

Lakini siku ile ya Jumatano hakuna aliyejua hayo. Prefe Kalenga, aliyekuwa amerudi kwenye sala, alifumbua macho, akaona kompyuta imekubali. "Munaona maombi," akawaambia. Kisha akainama karibu na kioo. "Na hizi vitu vya kupinda, huku juu na huku chini, ni vya nini?"

"Ni vya heshima, Prefe," Kaumba akasema. Sijawahi kumsikia na sauti laini namna ile. "Kila kitu chenye kuwa mu kati yake, mashini haigusi."

"Njo vile inafaa," Prefe akasema, akanyoosha koti. "Isiguse."

Nday alikuwa ameshika miwani yake, anatafuta jina lake, uso karibu kabisa na skrini. "Na mine?" akauliza. "Iko ndani mine?"

"Iko ndani kabisa, Sekretere," Kaumba akasema, akatoa disketi, akaipuliza vumbi, akatoka nayo kwenda uwanja wa ndege kuulizia rubani anakula wapi.